Uzi: Simu inayoandika “imeacha kufanya kazi” kila dakika, na hatua za kuchukua kabla ya kuiflashi

FUNDI WA CHIKONGOLA (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, na hasa wenzangu wa Mtwara na Lindi, salaam. Kila msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, simu zinazoletwa mezani kwangu kwa lalamiko la aina moja huongezeka: kioo kinaandika kwamba huduma fulani imeacha kufanya kazi, mwenye simu anabonyeza “Sawa”, na kidole hakijainuka vizuri ujumbe umesharudi. Si kwamba msimu unaharibu simu. Nyingi zilianza kusumbua tangu Juni au Julai, ila mwenyewe alivumilia kwa kuwa alikuwa akipiga na kupokea tu, minada ikianza na watu wakawa wanasubiri ujumbe wa benki kuhusu malipo yao ya stakabadhi ghalani, uvumilivu unakwisha, na jirani anamwambia: “Ipeleke ikaflashiwe.”

Ushauri huo wa jirani ndio ninaoupinga hapa. Kuflashi, yaani kuipakia simu mfumo upya, au kuirejesha simu katika hali ya kiwandani, kuna mahali pake, lakini ni hatua inayofuta kila kitu na ambayo mara nyingi haikigusi chanzo cha tatizo. Mimi hupanga hatua kwa kuangalia mwenye simu atapoteza nini: zisizopoteza chochote hutangulia, zinazopoteza mipangilio midogo hufuata, na ile inayofuta picha, namba na mazungumzo hubaki mkiani.

Tuanze na ujumbe wenyewe. Ndani ya Android kuna programu nyingi zisizo na sura, zinazofanya kazi chinichini bila mtu kuzifungua. Huduma za Google Play hushughulikia akaunti, mahali ulipo, na arifa za programu nyingine nyingi. Kiolesura cha Mfumo ndicho kinachochora saa, alama ya betri, pazia la arifa na picha ya mandharinyuma. Programu ya Simu, ambayo jina lake la ndani ni com.android.phone, husimamia laini na menyu za namba kama *150*00#. Hifadhi ya anwani hutunza majina, hifadhi ya maudhui huorodhesha picha na nyimbo, na WebView huonyesha kurasa za intaneti ndani ya programu nyingine. Sasa, jina linaloandikwa kwenye kioo ni la aliyeanguka, wala si lazima liwe la aliyemwangusha. Ni kama foleni ya ghala la chama cha msingi: mzani ukiharibika, anayeonekana amekwama ni mkulima aliye mbele, ingawa gunia lake halina kosa lolote. Kwa hiyo usimwandame mwenye jina kabla hujaangalia anategemea nini.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote ni nafasi ya hifadhi iliyokwisha. Huduma hizi huandika kumbukumbu zao katika hifadhidata ndogondogo kila wakati, na zikikosa pa kuandikia zinaanguka, mfumo unaziinua, zinajaribu kuandika tena, zinaanguka tena. Nikiiunganisha simu ya namna hiyo na kompyuta na kusoma rekodi za mfumo, nakuta kituko kilekile: chini ya maneno “FATAL EXCEPTION” kuna jina la huduma, tuseme com.google.android.gms, na mistari michache chini yake imeandikwa “SQLiteFullException: database or disk is full”. Hapo mjadala umekwisha. Simu haina virusi, haijarogwa, na haihitaji kuflashiwa, imejaa. Simu ya GB 16 huondokewa na sehemu kubwa ya nafasi hiyo kwa ajili ya mfumo wenyewe na masasisho ya programu zilizokuja nayo, na kinachobaki humezwa na video za makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya harusi na ya chama.

Chanzo cha pili ni sasisho lenye kasoro, na hapa mfano wa wazi ni wa Machi 2021. Sasisho la WebView lilitoka likiwa na hitilafu, na kuanzia usiku wa tarehe 22 kuamkia 23, kwa saa zetu, watu duniani kote waliona Gmail na programu nyingine nyingi zikifunguka na kufunga papo hapo. Waliofuta Gmail na kuipakua upya hawakupata nafuu, kwa sababu Gmail haikuwa na kosa. Waliopona haraka ni walioondoa masasisho ya WebView kwa muda, na baadaye Google ikatoa matoleo mapya ya WebView na Chrome yaliyomaliza tatizo. Unaweza kukisia ni simu ngapi zilifutwa siku ile bila sababu.

Cha tatu ni kitu ambacho mwenye simu amekiweka mwenyewe bila kujua madhara yake. Mwishoni mwa Mei 2020 ilisambaa picha moja nzuri ya ziwa na milima ya Marekani, ambayo mtu akiiweka kama mandharinyuma kwenye baadhi ya simu za Android 10, Kiolesura cha Mfumo kilianguka, kikainuka, kikaisoma picha ileile na kuanguka tena, kioo kikawa kinawaka na kuzima mfululizo. Picha ilikuwa na mpangilio wa rangi usio wa kawaida. Hesabu ya mwangaza wa nukta zake ilizidi 255, ilhali jedwali la programu lilikuwa linaishia hapo. Naikumbusha habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba hata picha tu inaweza kuiangusha huduma ya mfumo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja huwa ni moja: “Kabla haijaanza kusumbua, uliweka nini?”

Hatua zenyewe sasa. Zima simu kabisa na uiwashe, kisha toa memori kadi. Memori kadi nyingi za bei ya kutupa zinaandikwa GB 64 wakati ndani hazifiki hata robo yake, na zikishafika mwisho wa uwezo wao halisi faili huharibika. Hifadhi ya maudhui hukwama ikijaribu kuzisoma, na ndipo unapoona jina android.process.media likijirudia. Tatizo likikoma baada ya kuitoa kadi, umeshampata mhusika. Lisipokoma, angalia nafasi iliyobaki katika Mipangilio. Ikiwa chini ya GB 1, usiendelee na jambo lingine lolote kabla hujapunguza mzigo.

Baada ya hapo washa simu katika hali salama, ambayo huzizuia programu zote ulizopakua mwenyewe. Kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kuwashia, yakitokea machaguo unaugandamiza mguso wako juu ya neno “Zima” mpaka simu iulize. Ikitulia katika hali hiyo, mkosaji ni programu iliyoongezwa, na kwa huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni zile zinazorushwa kutoka simu hadi simu kwa Xender, programu ya kurushiana faili, bila kupitia Play Store. Ondoa za karibuni moja baada ya nyingine. Isipotulia, ingia kwenye orodha ya programu, onyesha na zile za mfumo, itafute huduma iliyotajwa, uilazimishe kusimama na ufute akiba yake, yaani faili zake za muda. Kufuta akiba hakupotezi kitu. Kufuta data ni jambo lingine kabisa, na ukifuta data ya hifadhi ya anwani, majina yote ambayo hayakulinganishwa na akaunti ya Google yanakwenda moja kwa moja. Hamishia majina kwanza kwenye faili, ndipo uendelee.

Karibuni kwa maswali. Tafadhali mtaje toleo la Android, nafasi iliyobaki, na maneno kamili yanayoonekana kwenye kioo. “Simu inazingua” ni malalamiko, haitoshi kuwa maelezo.

MWALIMU WA RUANGWA

Nashukuru kwa uzi huu, fundi. Simu yangu ni ya GB 16, Android 8.1, na inaandika kwamba Huduma za Google Play zimesimama. Nimesoma maelezo yako nikafuta picha nyingi sana, lakini nafasi haijaongezeka kama nilivyotarajia na ujumbe bado unatokea. Vilevile, mara kwa mara simu hurudi kwenye nembo na kuwaka tena yenyewe, jambo ambalo fundi mmoja wa hapa ameniambia ni betri. Je, nibadilishe betri?

FUNDI WA CHIKONGOLA

Mwalimu, betri isubiri kwanza. Kuna simu kuzima kabisa, na kuna mama wa huduma zote, anayeitwa system_server, kuanguka na kuinuliwa. Android ina mlinzi wake wa ndani: mama huyo akikwama kwa muda wa dakika moja hivi bila kujibu, mlinzi humuua na kumwanzisha upya, nawe unaona nembo inayochezacheza kana kwamba simu imezimika. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Simu ikisharudi, nenda Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali, utazame muda ambao simu imekuwa ikifanya kazi tangu iwashwe. Ukisoma dakika chache tu, umeme ulikatika kweli na betri au kitufe cha kuwashia vinahusika. Ukisoma saa nyingi, simu haikuzima. Ni mfumo ulioanguka ndani yake.

Kuhusu nafasi, picha ulizofuta yumkini zimo kwenye pipa la taka la programu ya picha, ambamo zinaweza kukaa hadi siku 60, na zikiwa humo bado zinakula nafasi. Limwage pipa hilo. Kisha ingia kwenye folda ya WhatsApp: mbali na video, kuna folda ndogo ya hifadhidata inayoweka nakala rudufu za siku saba zilizopita, na kwa mtu mwenye makundi mengi nakala hizo si ndogo. Acha ile ya karibuni zaidi, futa za zamani. Nafasi ikishapatikana, nenda kwenye Huduma za Google Play, chagua kudhibiti nafasi, ufute data yake yote, halafu uwashe simu upya ukiwa na bando la kutosha, kwa sababu huduma hiyo itapakua upya vitu vyake. Akaunti yako haitaondoka, ingawa baadhi ya programu zinaweza kukutaka uingie tena. Ikishindikana, ondoa masasisho ya huduma hiyo na uiache ijisasishe yenyewe. Nakuomba usipakue Huduma za Google Play kutoka tovuti yoyote ya pembeni: kila toleo lina tarakimu sita kwenye mabano zinazoonyesha toleo la Android, aina ya prosesa na msongamano wa nukta za kioo, na ukiweka lisilo la simu yako utakuwa umetengeneza tatizo jipya juu ya la zamani.

MKULIMA WA NEWALA

Mjomba fundi, shikamoo. Mimi kila nikipiga menyu ya pesa, kabla haijafunguka inaandika mchakato wa com.android.phone umesimama. Kuna hela ya dawa za mikorosho niliyotumiwa na mwanangu, imo humo, na ninaogopa nikiipeleka simu ikaflashiwa hela itapotea.

FUNDI WA CHIKONGOLA

Marahaba, ndugu yangu, na ondoa hofu. Hela haikai ndani ya simu wala ndani ya laini. Ipo kwenye mitambo ya mtandao wako, na laini ni utambulisho tu. Leo hii chomeka laini yako kwenye kitochi cha jirani, piga menyu ileile, weka namba yako ya siri mwenyewe pasipo kumtajia mtu, na utatoa hela yako kama kawaida. Jaribio hilo litatupa na jibu la kiufundi: menyu ikifunguka kwenye kitochi, laini ni nzima na kosa liko kwenye simu. Ikigoma na huko, nenda kwa wakala wa mtandao ukabadilishiwe laini, na simu usiiguse.

Kama kosa liko kwenye simu, futa akiba na data ya programu ya Simu pamoja na ile ya menyu ya laini, halafu uiwashe upya. Kumbukumbu ya simu ulizopiga inaweza kufutika, majina hayaguswi. Isipofaa, weka upya mipangilio ya mtandao; utakachopoteza ni nywila za Wi-Fi na vifaa vya bluetooth ulivyounganisha. Aidha, kama umeweka programu ya kurekodi mazungumzo au ya kutambua namba za wapigaji, iondoe kwanza kabla ya hayo yote, maana programu hizo huingilia kazi ya huduma hiyohiyo.

MWANAFUNZI WA LINDI MJINI

Habari kaka. Yangu haiandiki ujumbe wowote wa kusimama, lakini meseji za WhatsApp haziingii mpaka niifungue programu yenyewe. Nimepakua programu mbili za kusafisha simu na kuongeza kasi, ila hali imezidi kuwa mbaya. Je, huku nako ni huduma kuanguka?

FUNDI WA CHIKONGOLA

Hapana, dada. Huduma yako haikuanguka, inauliwa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 mfumo umekuwa ukiilaza simu iliyotulia ili kuokoa betri, na Android 8 ikabana zaidi kazi za chinichini. Juu ya hayo baadhi ya watengenezaji wameongeza wasimamizi wao wa betri ambao ni wakali kuliko mfumo wenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya betri ya WhatsApp, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi, na kama simu yako ina orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha, iingize humo. Kisha ondoa wasafishaji wote wawili. Wanachofanya ni kuziua huduma ambazo mfumo unaziinua tena sekunde chache baadaye, kwa hiyo betri inaliwa mara mbili na simu yenye RAM ya GB 1 au 2 haipumui. Sijawahi kuona simu iliyopona kwa programu ya namna hiyo, na nyingi zinaishi kwa kukuonyesha matangazo.

Niongeze kwamba si kila ukimya ni wa simu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, na wapo waliofuta data za programu zao wakidhani simu zimeharibika. Muulize aliye karibu nawe na anayetumia mtandao mwingine kabla hujaigusa simu.

FUNDI WA MASASI

Mwenzangu, nakuheshimu, lakini tuseme ukweli wa kazi. Mteja ametoka kijijini na basi la asubuhi, anarudi na la mchana, na mimi nina simu kumi mezani. Kuflashi kunachukua muda mfupi na kunajulikana mwisho wake. Pia kuna simu ambazo hizo hatua zako zote hazitazisaidia.

FUNDI WA CHIKONGOLA

Fundi mwenzangu, la muda nalielewa, ingawa kuangalia nafasi na kutoa memori kadi hakumcheleweshi mtu basi. La pili nakubaliana nawe kabisa, na nilieleze kwa upana kwa sababu wasomaji wanalihitaji. Chipu ya hifadhi inazeeka kadiri inavyoandikwa, na ikifika mwisho hujifunga isiandikwe tena. Dalili yake haifichiki: unafuta picha, unaizima simu na kuiwasha, picha zimerudi, unairejesha katika hali ya kiwandani na inawaka na mandharinyuma yaleyale ya jana. Simu hiyo hata ukiiflashi haitapona, ni ya kubadilishwa chipu au kupumzishwa, na kumtoza mteja hela ya programu ni kumwibia. Nyingine ni zile zilizozeeka kwa umri wa mfumo. Mwaka 2023 Google iliacha kuisasishia Android 4.4 Huduma za Play, na hakuna hatua ya mezani itakayolibadilisha hilo.

Lakini hata pale ambapo kuflashi ni halali, kuna mambo mawili ambayo mteja wa basi la asubuhi lazima aulizwe. La kwanza ni akaunti ya Google. Kuanzia Android 5.1, simu iliyofutwa kupitia menyu ya vitufe humtaka mwenyewe aingie kwa akaunti iliyokuwemo, na huku kwetu simu nyingi zilifunguliwa akaunti na muuzaji dukani au na mpwa aliyekuja likizo, nywila wakaondoka nayo. Ukiifuta bila kuuliza, umemkabidhi mtu simu iliyofungwa. La pili ni namba ya IMEI, ambayo ni utambulisho wa simu yenyewe. Piga *#06# kabla na baada, ulinganishe, maana faili lisilo la simu ile linaweza kuifuta namba hiyo. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilipozifungia simu bandia mwezi Juni 2016 kila mtu anajua maana ya simu yenye IMEI isiyotambulika. Mteja anaweza kuihakiki yake kwa kuituma kwenda 15090.

Kuna na jambo la Android 8 kwenda juu ambalo huwatisha watu. Huduma kuu zikianguka mfululizo, kwa mfano system_server zaidi ya mara tano ndani ya dakika tano, mfumo hujaribu kujiokoa wenyewe hatua kwa hatua, na mwisho humpa mwenye simu ukurasa wa kumtaka afute data. Ukurasa huo una chaguo la kujaribu tena. Lichague hilo kwanza, toa memori kadi na laini, uone kama itawaka muda wa kutosha kuokoa picha.

MWALIMU WA RUANGWA

Mrejesho, fundi. Muda wa kufanya kazi ulisomeka zaidi ya saa thelathini ingawa simu ilikuwa imerudi kwenye nembo asubuhi hiyohiyo, kwa hiyo betri nimeiacha. Pipa la taka na nakala za WhatsApp vilitoa zaidi ya GB 3, nikafuta data ya Huduma za Google Play kama ulivyoelekeza, na ujumbe haujatokea tena. Kimebaki kitu kimoja: nikibonyeza kiungo cha habari ndani ya programu nyingine yoyote, programu hiyo hufunga. Nimetafuta WebView kwenye orodha, naikuta imezimwa na haikubali kuwashwa.

FUNDI WA CHIKONGOLA

Vizuri sana, mwalimu, na hilo la WebView kuzimwa si kosa. Kwenye simu nyingi za Android 7 hadi 9, Chrome ndiyo inayofanya kazi ya WebView, kwa hiyo ile nyingine huonekana imelala. Nenda Play Store uisasishe Chrome. Kama umewahi kuizima ili kuokoa nafasi, iwashe tena, kwa sababu ukiizima programu zote zinazoitegemea hukosa pa kufungulia viungo. Chrome ikigoma kusasishwa, ondoa masasisho yake, washa simu upya, kisha sasisha tena ukiwa kwenye Wi-Fi ya shule au bando la usiku, maana faili lake si dogo.